Kabla ya Kuhesabu "Sawa"

Mwaka jana, nikiwa mwaka wa mwisho wa lisansi, nilitaka kuandika kazi yangu juu ya meseji ambazo kituo kimoja cha afya cha hapa Lubumbashi kilikuwa kinawatumia akina mama wajawazito. Meseji zilikuwa fupi, za kumkumbusha mama siku ya kurudi kupimwa. Niliona huo ni uwanja mzuri kwa mwanafunzi wa isimu: maandishi machache, yanayotumwa kwa watu wengi, na nyuma yake kuna uhai wa mama na mtoto.

Nilitengeneza hojaji kama nilivyoziona katika kazi za waliotutangulia: maswali 12 kwa Kifaransa, kila swali likiwa na vijumba vitano, kuanzia "sikuridhika kabisa" hadi "nimeridhika sana". Nilipiga kopi 40, nikaenda kukaa kwenye benchi pamoja na akina mama waliokuwa wakingoja zamu yao. Wengi waliniomba niwasomee maswali. Nikawa natafsiri papo hapo, kila mara kwa maneno tofauti kidogo, nao wakinionyesha kwa kidole mahali pa kutia alama. Karibu wote walionyesha kijumba kile kile cha mwisho. Saa sita nilikuwa nimemaliza. Nilifurahi: nina majibu, nina asilimia, nina jedwali.

Nilipokuwa nakusanya karatasi zangu, mama mmoja aliyekuwa amekwisha kujibu alinipa telefone yake nimsomee meseji moja ya zamani. Iliandikwa: "Usisahau kuhudhuria kliniki siku ya Jumanne." Aliniuliza, kliniki gani? Nikamwambia ni hapa hapa tulipokaa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Mwana yangu, mi nilizani banasema niende ku kliniki. Ku kliniki banalipishaka feza mingi. Njo maana nilibakia ku nyumba."

Wasomaji wa Lubumbashi wamekwisha kuelewa. Kwa wasomaji wa kwingine, nieleze. Nchini Tanzania mama mjamzito akisema anaenda kliniki, kila mtu anajua anaenda kupimwa mimba. Kwetu neno hilo limepitia Kifaransa, na katika masikio ya mama yule lilileta picha ya hospitali kubwa ya kulipia. Mahali pa kupimia mimba yeye na wenzake wanapaita "CPN", kwa herufi za Kifaransa, hata wale wasiojua herufi hizo zinasimama badala ya maneno gani. Aliyeandika meseji hakukosea sarufi hata kidogo. Hakujua tu itasomwa na nani.

Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani, OMS, linapendekeza mama mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8 kabla ya kujifungua. Mama yule alikosa mara moja kwa sababu ya neno moja. Na kwenye hojaji yangu alikuwa "ameridhika sana".

Nilimwuliza kwa nini alichagua kijumba kile. Alijibu kwamba alifurahi kuona kuna watu wanaomkumbuka. Hakunidanganya. Alikuwa ameridhika kweli, na hakuwa ameelewa kweli. Mambo yote mawili yalikaa ndani ya mtu mmoja, nami nilikuja na karatasi inayoweza kubeba moja tu.

Ninaandika makala hii kwa sababu katika kitivo chetu wengi bado tunaamini kwamba kazi isiyo na asilimia si kazi ya sayansi. Mwaka huu, nilipowaonyesha wenzangu pendekezo langu la masta bila hojaji, swali la kwanza lilikuwa: "Sasa utahesabu nini?" Maoni yangu ni haya: anayetaka kujua jinsi watu wanavyoishi na zana za afya za kwenye telefone anahitaji kwanza utafiti wa kimaelezo, na kati ya njia za kimaelezo achague ile inayolingana na swali lake, katika lugha ya anayeulizwa. Sisi wa lugha ndio tungepaswa kuwa wa kwanza kulisema hilo. Mpaka sasa tumewaachia wengine.

Namba na mipaka yake

Sisemi namba ni adui. Mfano mzuri unatoka Kenya, nchi ya Kenya, si komini yetu. Kati ya mwaka 2007 na 2008 ulifanyika huko utafiti uitwao WelTel, juu ya watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Nusu yao hivi walipokea meseji moja kila juma kutoka kwa muuguzi. Meseji yenyewe ilikuwa neno moja: "Mambo?" Mgonjwa alitakiwa kujibu ndani ya saa 48, ama "Sawa" ama "Shida". Aliyejibu "Shida", na yule asiyejibu, alipigiwa simu na muuguzi.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010 katika jarida la The Lancet. Kati ya waliopokea meseji, asilimia 62 walisema wanafuata dawa vizuri. Kati ya wasiopokea, ni asilimia 50. Waliokuwa na virusi vilivyofifia katika damu walikuwa asilimia 57 upande mmoja na 48 upande wa pili. Hapo hakuna mbadala wa kuhesabu. Hakuna mahojiano, hata yawe marefu namna gani, ambayo yangeweza kuonyesha tofauti hiyo.

Lakini mwanafunzi wa isimu akisoma utafiti huo, jicho lake litabaki kwenye yale maneno matatu. Kwa nini "Mambo?" na si "Je, umekunywa dawa?" Nani anamsalimu nani kwa "Mambo?", na mzee anaisikiaje? "Sawa" ya mgonjwa ni habari ya mwili wake, au ni jibu la salamu tu, kama tunavyojibu "salama" hata siku tulizolala njaa? Namba zinatuambia kwamba meseji ilisaidia. Hazituambii ni nini ndani yake kilichosaidia: ni kukumbushwa, ni sauti ya muuguzi baada ya "Shida", au ni kule kujua tu kwamba upande wa pili kuna mtu.

Sasa tuchukue meseji hiyo hiyo tuilete Lubumbashi. Hapa tukisema mtu "iko na mambo", tunamaanisha ni mtu wa matata. "Sawa" kwetu ni kukubali, lakini pia ni "kama": anatembea sawa baba yake. Na "shida" mara nyingi ni hitaji tu: mtu anaweza kukuambia ana shida ya chumvi, au ana shida na wewe, yaani anataka kuonana nawe. Mgonjwa wa Katuba akiandika "Shida", muuguzi ajue nini? Anaumwa, dawa zimemwisha, au anataka tu kuongea? Mtu akihesabu "Shida" zote na kuziweka kwenye jedwali, atakuwa amejumlisha vitu ambavyo havifanani. Kabla ya kuhesabu "sawa" na "shida" ni lazima tujue zinafanya kazi gani mdomoni mwa wanaozisema, na hilo halijulikani kwa vijumba.

Kuuliza nako kuna desturi zake

Mtu anaweza kudhani kwamba dawa ya hojaji mbaya ni mahojiano. Si hivyo tu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini namna ya kuuliza inaweza kuwa ya kijinga, na mimi ni shahidi.

Mwaka 1986 mwanaanthropolojia wa lugha Charles Briggs alichapisha kitabu kiitwacho Learning How to Ask. Alifanya utafiti kati ya watu wasemao Kihispania katika kijiji cha Córdova, jimbo la New Mexico huko Marekani, na alipata taabu: wazee hawakumjibu kama alivyotarajia. Baadaye alitambua kwamba mahojiano si chombo kisicho na upande. Ni aina ya mazungumzo yenye kanuni zake, na kanuni hizo huenda zikagongana na kanuni za watu unaowauliza. Kijana hamkalishi mzee na kumrushia maswali mfululizo. Kuna kwanza kukaa, kusikiliza, kujifunza lini swali linaruhusiwa na linakuja kwa umbo gani.

Nikisoma Briggs najiona mwenyewe pale kwenye benchi. Nilivaa shati jeupe, nina kalamu na mafaili. Akina mama walidhani nimetumwa na kituo. Nani angeniambia meseji ni mbaya, wakati dakika chache baadaye ataingia kupimwa na watu anaodhani ni wenzangu? Isitoshe, mama mwenye umri wa mama yangu alilazimika kumjibu kijana kwa kuonyesha kidole kwenye karatasi ya Kifaransa. Kwa adabu yetu, mgeni akikuuliza kama umefurahi, unasema umefurahi. Kijumba cha mwisho kilipimwa, ndiyo, lakini kilichopimwa ni adabu ya akina mama wa Lubumbashi, na adabu hiyo ni kubwa.

Yule mama aliniambia ukweli pale tu nilipokuwa nimefunga kalamu, na yeye ndiye alikuwa ananiuliza mimi. Aliniomba msaada, si mimi niliyemwomba majibu. Hapo ndipo niliposhika somo la njia ya utafiti kuliko darasani.

Swali lichague njia

Kwa hiyo tuchague vipi? Nimeona wenzangu wakiandika katika pendekezo lao: "Tutatumia mahojiano, mjadala wa kikundi na ushuhudiaji", vyote vitatu mara moja, kama mtu anayepakia sahani kwenye karamu. Ninaona ni afadhali kuanza na swali moja na kuuliza ni njia gani inayoweza kulijibu.

Kama swali ni kujua kinachotokea mtu anapofungua meseji au programu ya afya, njia ni kukaa naye na kumtazama anapoifungua. Aisome kwa sauti huku akisema anachofikiri. Njia hiyo ya kusema unachofikiri ina misingi yake. Ericsson na Simon waliifafanua katika kitabu cha mwaka 1984. Kama ningeanza nayo, neno "kliniki" lingejitokeza asubuhi ile ile, mbele ya mama wa kwanza au wa pili. Ningeona pia ambacho hakuna anayekisema kwenye hojaji: anayeruka neno "kuhudhuria" bila kulisoma, anayempa mtoto wake wa shule telefone amsomee, anayefuta meseji kwa sababu namba hazijui.

Kama swali ni kujua meseji hizo zina nafasi gani katika maisha ya mama, njia ni mahojiano marefu, na hasa simulizi. Usimwulize "Je, meseji zinakusaidia?" Mwambie: "Mama, nielezee siku ile meseji ilipofika." Swali la kwanza linaomba ndiyo au hapana. La pili linaomba hadithi, na katika hadithi mume anaingia, mama mkwe anaingia, safari ya miguu inaingia, pesa ya fishi inaingia. Huko ndiko sababu zinakokaa.

Kama swali ni kujua watu huziita vipi zana hizo na huambiana nini juu yake, mjadala wa kikundi unafaa sana. Kwa sisi wa msamiati ni hazina: akina mama wanane wakibishana kama neno ni hili au lile, unapata kwa saa moja kile ambacho kamusi haikupi. Lakini njia hiyo hiyo ni hatari kwa mambo ya siri. Mwanamke anayetumia dawa za virusi hatasema mbele ya jirani zake kwamba anapokea meseji kila juma. Binti ambaye mimba yake haijajulikana nyumbani atanyamaza. Ukimya wao utaonekana kwenye kanda yako kama kukubali.

Na kama swali ni kujua jinsi mambo yanavyobadilika, tangu mwezi wa nne wa mimba hadi kujifungua, mkutano mmoja hautoshi. Hapo unarudi kwa mtu yule yule mara tatu, mara nne, au unamwomba aweke shajara. Wengine siku hizi huomba shajara ya sauti kwa telefone. Hilo linapendeza kwa watu wasiozoea kuandika, ila tukumbuke nani analipa mega, na telefone ni ya nani.

Tuandike walichosema

Kuna hatua moja ambayo sisi wanafunzi huipita haraka, nayo ni unukuzi. Tunarekodi kwa Kiswahili cha Lubumbashi, tunanukuu moja kwa moja kwa Kifaransa, tunachambua Kifaransa. Mwishoni tunakuta mada nzuri: "uelewa", "gharama", "kuridhika". Sauti ya mama imekwisha kupotea.

Elinor Ochs aliandika mwaka 1979 kwamba unukuzi wenyewe ni nadharia: unachoamua kuandika na unachoacha ni uchambuzi umekwisha kuanza. Sentensi ya yule mama ikigeuzwa Kifaransa itakuwa, kwa maana, "nilidhani natumwa kwenye hospitali binafsi". Ni tafsiri sahihi, nayo inaficha kosa lote, kwa sababu neno "kliniki" halionekani tena. Hata kuisahihisha kwa Kiswahili sanifu, "wanalipisha" badala ya "banalipishaka", kunaondoa ile alama ya mazoea. Hasemi walimlipisha siku moja. Anasema ndivyo wafanyavyo siku zote, na mazoea hayo ndiyo yaliyomfanya abaki nyumbani.

Sisi wa Katanga hatuna kisingizio. Johannes Fabian, aliyefundisha katika mji huu miaka ya 1970, alinukuu mazungumzo ya watu wa hapa kwa Kiswahili walichokisema, na katika kitabu chake Power and Performance cha mwaka 1990 msomaji anakuta maneno ya waigizaji wa kundi la Mufwankolo pamoja na tafsiri yake. Aliona kwamba Kiswahili chetu kinastahili kuandikwa kilivyo ili kifikiriwe. Ikiwa mgeni aliona hivyo kwa mchezo wa kuigiza, sisi tutaona aibu gani kufanya hivyo kwa afya za mama zetu?

Na jambo hili si la Lubumbashi peke yake. Wakati wa Ebola ya mwaka 2018 hadi 2020, iliyoua watu zaidi ya 2,200 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na Kivu ya Kusini, shirika la Translators without Borders liliwauliza watu wa Goma juu ya lugha ya matangazo waliyopewa. Ilionekana kwamba Kifaransa, na pia Kiswahili kisicho cha kwao, viliwaacha wengi nyuma, na kwamba watu walitaka maelezo kamili katika Kiswahili wanachokisema. Maswali hayo yaliulizwa huku watu wakiwa wanakufa. Ingefaa tuwe tunayauliza siku za kawaida.

Wanaopinga

Hoja ya kwanza ninayoisikia ni ya idadi: "Ulihoji watu 12 tu, utasema nini juu ya mji mzima?" Jibu langu ni kwamba sitasema neno juu ya mji mzima. Utafiti wa kimaelezo haudai kujua ni wangapi. Unadai kujua ni nini na kwa namna gani. Hata hivyo idadi haichaguliwi ovyo. Guest na wenzake, katika makala ya mwaka 2006, walichunguza mahojiano 60 waliyofanya na wanawake wa Ghana na Nigeria, wakaona kwamba mambo mengi mapya yalikuwa yamekwisha kujitokeza ndani ya mahojiano 12 ya kwanza. Lakini tusiichukue 12 kama hirizi. Wanawake hao walikuwa wanafanana kwa mengi na waliulizwa maswali yale yale. Ukichanganya akina mama, wauguzi na waume, kila kundi lina hesabu yake.

Hoja ya pili ni kwamba njia hii ni rahisi, ni ya wavivu wa takwimu. Anayesema hivyo hajawahi kunukuu saa moja ya mazungumzo. Hojaji zangu 40 zilichukua asubuhi moja. Mazungumzo matatu niliyoyarekodi baadaye, kwa idhini ya wenyewe, yalinila majuma kadhaa ya kusikiliza na kurudia, usiku umeme unapokuwapo.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiheshimu zaidi: "Sisi si waganga. Afya si kazi yetu." Ni kweli hatujui dozi wala vipimo. Lakini meseji si dawa, ni lugha. Daktari anajua mama anapaswa kurudi lini. Hajasomea kwa nini "kliniki" ya Dar es Salaam si "kliniki" ya Katuba. Sisi tumesomea hilo.

Siri ya mtu

Hata hivyo, tukiingia huko tuingie kwa adabu. OMS ilipotoa mwongozo wake juu ya zana za afya za kidijitali mwaka 2019, ilikubali meseji kwa wagonjwa kwa sharti kwamba usiri wa habari zao na uzito wa mambo yanayoandikwa viangaliwe. Mtafiti naye yumo chini ya sharti hilo. Katika nyumba nyingi telefone ni ya watu wawili watatu. Ukimpigia mama kumkumbusha mahojiano, huenda mume ndiye atakayepokea. Karatasi ya idhini iliyoandikwa kwa Kifaransa na kusainiwa kwa kidole gumba na mtu asiyeisoma si idhini. Tueleze kwa mdomo, kwa lugha yake, tumwache aulize, na tumwambie wazi kwamba akikataa hatapoteza huduma. Na tusivae shati jeupe.

Ninachoomba

Kwa walimu wetu naomba mambo matatu. Kwanza, kazi ya kimaelezo ipimwe kwa kanuni zake: je, njia inalingana na swali, je, mtafiti ameeleza alivyopokelewa na watu, je, nukuu zinaonekana katika lugha iliyosemwa? Asilimia isidaiwe pale ambapo swali haliiulizi. Pili, idara itufundishe kuuliza na kunukuu kabla ya kututuma mitaani, maana kwa sasa tunajifunza kwa kuwasumbua watu. Tatu, kitivo chetu na wenzetu wa udaktari tuwe na meza moja, ili meseji inayotumwa kwa mama isomwe kwanza na akina mama wachache mbele ya mtu anayejua kusikiliza.

Kwa wanafunzi wenzangu nina ombi moja. Kabla ya kupiga kopi 40, nenda na kalamu ikiwa mfukoni. Kaa. Mwache mtu akuombe umsomee kitu.

Hojaji zangu bado ninazo. Sikuzitumia katika kazi niliyoitetea, na jopo liliniuliza sababu. Niliwajibu kwa kuwasomea ile sentensi ya mama, kama alivyoisema. Mwalimu mmoja hakukubaliana nami na bado hakubaliani. Ningependa aniandikie katika toleo lijalo.